Mto wa Kiti cha Rubani

Binti yangu alizaliwa mfupi akabaki mfupi. Tangu mdogo nilimwambia ufupi si ugonjwa, naye akaniamini, ndiyo maana alipomaliza masomo akaenda kujiandikisha jeshini bila hata kuniaga. Walimpima akiwa amevua viatu. Alinisimulia baadaye kwamba alivuta shingo mpaka ikamuuma, na askari aliyekuwa akipima akamtazama yeye, akatazama alama ukutani, akasema, "Umefika, lakini ni nywele ndizo zilizokusaidia." Hivyo ndivyo alivyoingia, kwa hisani ya nywele.

Chuo cha maofisa alikimaliza vizuri. Siku ya kuvishwa nyota baba yake alikuja na suti, akasimama mbele kabisa kwenye picha, akamshika bega kama mtu aliyelihangaikia bega lile. Mimi nilikuwa nimeshika mikoba.  Habari za mtu huyo nitazieleza mahali pake.

Binti akachaguliwa kusomea urubani wa ndege za kijeshi. Kambi ya ndege iko ng'ambo ya barabara kuu, na ndege za mafunzo zikitaka kutua hupita juu ya kibaraza ninaposhonea. Mimi ni fundi cherehani. Nimekaa kwenye kibaraza hicho, mbele ya duka la vifaa vya umeme, miaka mingi. Kulia kwangu yupo kinyozi, ambaye kazi yake hasa ni kuongea, kunyoa ni kisingizio. Ndiye aliyeanza kuniita Mama Rubani.

"Mama Rubani, mwambie mwanao akipita apunge mkono."

"Hajaanza hata kuruka. Bado wanasoma darasani."

"Basi apunge kutoka dirishani."

Alichokitaka binti yangu kilikuwa kimoja: mabawa. Ni kitambaa kidogo kilichotariziwa, kinashonwa upande wa kushoto wa kifua, juu ya mfuko, na mtu haruhusiwi kukivaa mpaka amefuzu kurusha ndege. Tulikubaliana kwamba siku akiyapata nitayashona mimi, si mafundi wa kambini. Uzi nilikuwa nao tayari, wa rangi ya dhahabu, umelala kwenye kopo la vifungo ukingoja.

Tatizo lilianza siku alipoketi ndani ya ndege kwa mara ya kwanza. Alikuja nyumbani Jumamosi, akavua buti, akakaa kitandani bila kusalimia vizuri.

"Sioni mbele, Mama."

"Macho yamefanya nini?"

"Macho mazima. Pua ya ndege ndiyo ndefu. Nikikaa naona saa zote za kwenye dashibodi na anga juu yake. Ardhi siioni. Na kutua ni kuiona ardhi."

Mito ya kambini ilikuwepo, lakini ilikuwa imekaliwa na watu mpaka imekuwa kama chapati. Akiweka miwili inateleza, na miguu yake inaachana na pedali. Nikamwambia anionyeshe. Nikaweka kiti cha jikoni katikati ya chumba, akakaa, nikamwekea vitabu vyake vya masomo chini ya makalio, kimoja kimoja, mpaka akasema, "Hapo." Nikapima. Nikakata sponji ngumu, ya aina wanayoweka kwenye viti vya mabasi, nyuma nene na mbele nyembamba ili mapaja yashuke kwenye pedali. Kwa juu nikaweka turubai. Kwa chini nikashona vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, vimepishana, na kamba mbili za kufunga kwenye kiti. Nilimwambia akae, ajitupe kushoto, ajitupe kulia. Kiti kiliinuka pamoja naye. Mto haukusogea.

Wenzake wakamcheka. Wakamwita Mto. "Mto yuko wapi? Mto amekalia mto." Hata mkufunzi wake, Meja mmoja mwenye masharubu yaliyokatwa kwa uangalifu, aliuchukua mkononi siku ya kwanza, akaugeuza, akavuta ile mipira kwa kidole, akasema, "Nani amekutengenezea hiki kiti cha enzi?"

"Mama yangu, afande."

"Mwambie mama yako na mimi naumwa kiuno."

Wote wakacheka. Akamrudishia, wakapanda ndege. Nakumbuka kila neno la habari hiyo kwa sababu binti aliisimulia kwa furaha, akimwigiza Meja na masharubu yake. Mimi nilifurahi pia. Nilisema moyoni, huyu ni mtu mwema.

Nyumbani akawa anarusha ndege kwenye kiti cha jikoni. Wanafundishwa hivyo. Mtu anakaa kitini, anafumba macho, mkono mmoja kwenye fimbo ya kuongozea ambayo haipo, mwingine kwenye mkono wa mafuta ambao haupo, anasema kwa sauti kila anachofanya, tangu kuwasha injini mpaka kuizima. Mimi napika, yeye yuko juu ya mawingu. Nikimwambia asogee nichukue kisu, ananijibu, "Subiri nitue."

Na kuna jambo moja alilokuwa akilirudia kuliko yote. Ndege yao ina viti viwili bega kwa bega, mwanafunzi na mkufunzi, na kila mmoja ana fimbo yake. Fimbo hizo zimeunganishwa. Ukisukuma yako, ya mwenzako inasogea. Kwa hiyo mkono peke yake haukuambii ni nani anayeongoza. Lazima mseme. Anayechukua anasema, "Nimeshika." Anayeachia anajibu, "Umeshika." Yule wa kwanza anarudia, "Nimeshika." Mpaka maneno hayo yote yasemwe, asiachie mtu.

Nikimpa sufuria ya maji ya moto, "Nimeshika," anasema, lakini haichukui.

"Ichukue, inaniunguza."

"Sema 'umeshika'."

"Umeshika, mtoto mpumbavu wewe."

"Nimeshika." Hapo ndipo anaichukua. Mpaka jirani wa chumba cha pili naye akawa anasema hivyo akinirudishia ndoo.

Akaanza kuruka. Alitapika mwanzoni kama wote, akazoea. Siku aliyoruka peke yake, kiti cha Meja kikiwa kitupu, wenzake walimmwagia maji ya ndoo na buti zikiwa mguuni, ndio utaratibu wao kwa anayeruka peke yake mara ya kwanza. Alinijia ameloa, akanikumbatia hivyo hivyo hadi vitambaa vya wateja vikalowa. Kinyozi akasema, "Sasa Mama Rubani ni kweli, si utani." Kilichokuwa kimebaki ni mitihani ya mwisho tu. Nikatoa uzi kwenye kopo nikaangalia kama haujafifia.

Miezi ile ya mwisho Meja alibadilika. Alikuwa akingoja kupandishwa cheo na alikuwa na haraka na kila kitu. Yale maneno ya kupokezana yakaanza kumchosha. Mara kwa mara wakati wa kutua alikuwa akigusa fimbo kidogo, kumrekebisha, kisha anaiacha. Binti kila akihisi kuguswa anasema, "Umeshika, afande?" Siku moja akamkata.

"Luteni, usiniimbie. Ukihisi nimeshika, achia. Ukihisi nimeachia, shika. Wewe si kuruta wa kwanza kuruka nami."

Aliponieleza nilimwuliza, "Na kitabu kinasemaje?"

"Kitabu kinasema tuseme."

"Sasa?"

"Sasa kitabu hakinipi maksi, Mama. Anayetoa maksi ni yeye."

Akaacha kuimba.

Ajali ilitokea mchana mweupe, upepo ukivuma kutoka ubavuni. Sikuiona. Niliona tu ile ndege ikipita juu yetu imeinamisha bawa moja, na kinyozi akasema, "Huyu leo amelewa." Binti yangu ndiye aliyekuwa ndani.

Alivyonieleza ni hivi. Walikuwa karibu na ardhi. Upepo ukawasukuma. Akahisi fimbo ikisogea mkononi mwake, akajua Meja ameshika, akaachia kama alivyoagizwa. Meja alikuwa ameigusa tu. Alipoona ndege imenyooka alidhani ni binti aliyeinyoosha, naye akaacha. Wakawa wamekaa bega kwa bega, kila mmoja mikono mapajani, kila mmoja akimsubiri mwenzake atue. Hakuna aliyekuwa akiongoza ile ndege. Ilianguka kwa gurudumu moja, gurudumu likavunjika, bawa likakwaruza lami mpaka nyasini. Meja alipasuka mdomo. Binti aliteguka kifundo cha mkono. Ndege ikawa chuma chakavu.

"Kabla hatujagonga alinitazama," aliniambia. "Na mimi nikamtazama. Hapo ndipo tulipojua wote wawili."

Siku ya pili yake Meja alimtembelea kwenye zahanati ya kambi na mdomo wake umeshonwa. Alikuwa mpole sana. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamwita mwanangu.

"Mwanangu, bodi itakaa. Nikisema uliachia bila kuniambia, umekwisha. Ukisema mimi nilikukataza kusema, nimekwisha mimi, na wewe hakuna mkufunzi atakayekubali kukaa nawe tena. Kuna njia ya katikati. Tuseme ni ule mto. Uliteleza, ukazuia fimbo. Kosa linakuwa la kitu, si la mtu. Watakupa mtihani wa pili, mimi nitakutetea. Tuseme ni mto, yaishe."

Binti alikuja nyumbani mkono umefungwa bandeji, akanieleza maneno hayo kama mtu aliyeletewa habari njema. Mimi nilikuwa nakunja mashati ya mteja. Nikayaweka chini.

"Mto uliteleza?"

"Haukuteleza, Mama. Hata ndege ilipoinama haukuteleza."

"Basi usiseme."

"Ni kitambaa na sponji. Hakiendi jela."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya baba yake, ambayo nilikuwa nimemficha kwa sababu mtoto hapaswi kubebeshwa mizigo ya kitandani. Baada ya kumzaa yeye hatukupata mtoto mwingine. Tulikwenda hospitali, tukapimwa wote. Daktari alisema mimi ni mzima, mume wangu ndiye aliyeharibiwa na homa aliyoiugua yeye wakati mtoto akiwa mchanga. Tulirudi nyumbani. Tulipofika mlangoni alinishika mkono, alikuwa mpole siku ile kuliko siku ya harusi. Akasema, "Mama yangu atanimaliza kwa maneno. Tuseme ni wewe. Wewe ni mwanamke, watakuhurumia. Tuseme ni wewe, yaishe." Nikakubali. Nikakaa mbele ya mama mkwe na mashemeji, nikasema ni mimi. Walinihurumia kweli, kwa muda wa chai kupoa. Kisha neno hilo hilo nililolisema kwa mdomo wangu ndilo walilolitumia kumwoza mume wangu mke wa pili, na yule mke alipoingia wakasema nyumba ni ndogo. Nilitoka na cherehani na mtoto. Mume wangu alikuwepo, amesimama kwenye kona ya ukumbi, hakufungua mdomo. Mke mwenzangu mpaka leo hajazaa, na wanasema ni yeye.

"Mwanamume akikwambia tuseme ni wewe, yaishe," nilimwambia binti, "kinachokwisha ni wewe."

Alinisikiliza vizuri. Hakunidharau. Aliushika mkono wangu kwa ule wake mzima.

"Mama, yale yalikuwa ya ndoa. Hakukuwa na sheria. Jeshini kuna utaratibu, kuna bodi, wanakaa watu wenye vyeo. Na yeye ni mkufunzi wangu, nimeruka naye mwaka mzima, maisha yangu yalikuwa mikononi mwake."

"Na siku ile yalikuwa mikononi mwa nani?"

 Aliyataka mabawa. Mtu anayekitaka kitu kwa namna ile, ukimwonyesha shimo yeye anaona njia.

Akasema mbele ya bodi kwamba mto uliteleza. Walikuwa wameuleta mezani, wameufunga kwenye mfuko wa nailoni kama nyama. Mkubwa wao akauliza, "Kifaa hiki nani alikiidhinisha?"

Binti akamtazama Meja.

Meja akasema, "Mimi sikuwa na habari nacho. Nilidhani ni mto wa kambi."

Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Binti yangu alikuwa ameshakiri kwa kinywa chake kwamba aliingiza ndani ya ndege ya serikali kitu kisichojulikana, na kwamba kitu hicho ndicho kilichoiangusha. Wale wenzake waliocheka siku ile ya kiti cha enzi hawakuitwa. Alijaribu kusema habari ya fimbo, na maneno ya kupokezana, na kukatazwa kuimba. Mkubwa akamwambia, "Luteni, umetoa maelezo yako tayari. Unataka tuamini yapi?"

Wakamwondoa kwenye urubani. Hakuna mtihani wa pili. Nyota yake walimwachia, wakampeleka ghala la kambi, kusimamia buti, mablanketi na ovaroli. Ovaroli za marubani anazitoa yeye. Wanafika dirishani, anawauliza saizi.

Baba yake alipiga simu mara moja. Alitaka kujua kama ni kweli, kwa sababu alikuwa ameshawaambia watu kazini. Nilimwambia ni kweli. Akasema, "Labda hii ya kuangusha vitu ameitoa kwako." Nikakata.

Kinyozi hakuacha kuniita Mama Rubani. Nadhani alifikiri ni heshima, au mdomo umezoea. Nilimwomba aache. Akaacha siku mbili, akarudia.

Binti anakuja Jumamosi kama zamani. Kiti cha jikoni anakikalia kula tu. Nikimpa sufuria anaichukua, hasemi kitu. Wiki za mwanzo nilikuwa bado nangoja aseme, mkono wangu haukuachia haraka, tukamwaga maji ya moto sakafuni. Alipiga magoti akafuta, nami nikapiga magoti nikafuta, hatukutazamana.

Nilimsihi akate rufaa. Alisema rufaa inapitia kwa mkuu wa kikosi, na mkuu wa kikosi ndiye aliyesaini cheo kipya cha Meja. Siku hizi anaitwa Kanali. Masharubu ni yale yale.

Kisha mwezi uliopita, Jumamosi asubuhi, akaja kibarazani msichana mwenye nyota moja kila bega, mpya, bado zinang'aa. Mfupi. Akanisalimia kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Unataka kupunguza suruali?"

"Hapana, mama. Nataka mto. Nasoma urubani hapo ng'ambo na mito ya kambini inateleza. Kanali ameniambia nije kwako. Amesema kuna fundi kibarazani hapa, mbele ya duka la umeme, aliwahi kuona kazi yake. Amesema mito ya huyu mama haisogei hata ndege igeuke juu chini."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikazitoa moja moja.

"Kanali amesema haisogei?"

"Ndiyo, mama. Amesema safari hii lakini nikaombe idhini kwanza, na idhini amenipa yeye mwenyewe."

Binti yangu alikuwa nyuma yangu, amekaa kwenye gunia la vipande vya vitambaa, akikata nyuzi. Alisikia kila kitu. Akainuka. Msichana alipoiona nyota begani kwa binti yangu akasimama wima, kisha akauona uso wake na kitu kikamjia akilini.

"Samahani, afande. Wewe ndiye afande Mto? Wa ghala?"

"Ndiye mimi." Akachukua utepe wangu wa kupimia. "Kaa hapo." Akampima mwenyewe, goti mpaka nyonga, kwa utulivu. Akauliza bila kuinua macho, "Maneno ya kupokezana mnasema?"

Msichana akacheka kidogo. "Mwanzoni nilikuwa nasema. Kanali anasema nisimwimbie."

"Mwimbie."

"Atanichukia, afande."

"Akuchukie. Mwimbie."

"Ndiyo, afande," akasema msichana, kwa ile sauti ambayo watu hutumia kumjibu mgawa mablanketi.

Alipoondoka nilimgeukia binti. "Huyu ni shahidi. Amesikia kwa masikio yake kwamba mto hautelezi, na aliyesema ni yule yule. Nenda naye."

"Kwa nani, Mama?"

Nilianza kutaja. Mkuu wa kikosi. Bodi. Nikaishia hapo, sikuwa na mtu wa tatu.

"Na huyo mtoto akisimama kusema," akaniambia, "kesho yuko nami ghalani tunahesabu buti. Mwache aruke."

Nikaushona ule mto. Nyuma nene, mbele nyembamba, mipira chini, kamba mbili. Nilifikiria kuushona vibaya, sitasema uongo. Lakini atakayeukalia ni mtoto wa mtu, si Kanali.

Msichana aliuchukua akashukuru sana. Sasa anaruka. Ndege zikipita siinui kichwa, na Jumamosi binti yangu naye hainui, anakata nyuzi tu. Anayeinua ni kinyozi. Anasimama na mkasi mkononi, mteja nusu kichwa amenyolewa, anatuambia nani anashuka vizuri na nani anashuka vibaya, wala hajui chochote.